Kuomba nafasi kwenye mapambano ya roboti ya televisheni tukiwa Tanga: uzi maalumu

Mkerezaji wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu. Nafungua uzi huu kwa sababu swali hili limekuwa likiulizwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mara majibu yanapotea katikati ya matangazo ya misiba na michango ya harusi. Kuna vijana hapa Tanga, wengine wapo gereji za Ngamiani, wengine wamemaliza VETA, wanataka kuomba kushiriki mapambano ya roboti yanayorushwa kwenye televisheni huko Marekani. Wana moto kweli kweli na mimi nipo upande wao. Ila naona wameanza na fomu wakati hawana roboti hata moja, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kwa asiyeyajua mashindano haya: roboti mbili zinaingia kwenye ulingo uliozungushiwa kuta za plastiki ngumu, kila moja inaendeshwa kwa rimoti na binadamu aliye nje, na kwa dakika tatu zinapigana mpaka moja ishindwe kutembea au muda uishe. Mchezo huu ulianzishwa San Francisco mwaka 1994 na Marc Thorpe kwa jina la Robot Wars, kisha ukavuka kwenda Uingereza na BBC ikaanza kuurusha mwaka 1998. BattleBots ya Marekani ikaja 1999 chini ya Trey Roski na Greg Munson, ikaonekana kwenye chaneli ya Comedy Central kuanzia 2000 hadi 2002, ikalala miaka mingi, ikafufuliwa na ABC mwaka 2015, halafu Discovery ikaichukua kuanzia 2018. Ulingo wao una futi 48 kwa 48, kama mita 14 na nusu kila upande. Roboti ya kawaida hairuhusiwi kuzidi paundi 250, yaani kilo 113. Kombe lenyewe ni nati moja kubwa, na sisi wa gereji hilo tunalielewa bila kuelezwa.

Sasa angalieni hiyo historia vizuri. Vipindi hivi vinafunguliwa na kufungwa. Robot Wars ilirudi BBC mwaka 2016, ikaondoka tena 2018. Msimu wa mwisho wa BattleBots uliorushwa Discovery ulionekana 2023, na ulichukuliwa na roboti SawBlaze ya Jamison Go. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla hujakaa kujaza chochote, hakikisha kuna msimu uliotangazwa na fomu ipo kwenye tovuti ya wenyewe. Mtu akikutumia fomu kwa simu na kudai ada ya kukuunganisha, achana naye hapo hapo.

Fomu za aina hii hazijaribu kujua kama unaipenda roboti. Zinauliza roboti yako ina silaha gani na inazunguka kwa kasi gani. Inatembea kwa nini, magurudumu mangapi, mota gani. Uzito umegawanyika vipi. Betri ni ya volti ngapi. Michoro ya kompyuta iko wapi. Nani yuko kwenye timu, kila mmoja anafanya nini. Na lile swali ambalo kila nikilifikiria nawaonea huruma vijana wetu: umeshapigana wapi, na video iko wapi?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Anayetaka kuomba kilo 113 aanze na kilo moja na ushee. Wamarekani wana daraja la paundi tatu, gramu 1,360, wanaliita beetleweight. Waingereza wana lao la kilo moja na nusu. Roboti ya ukubwa huo unaibeba kwenye mfuko wa sokoni, mota zake ndogo zinaagizwa kwa posta, na bodi unaichonga mwenyewe. Ikivunjika hulii. Ukishapigana nayo hapa hapa Tanga, ukairekodi, ukaitengeneza, ukapigana tena, swali la uzoefu kwenye fomu lina jibu. Waamuzi wa fomu wanajua kutofautisha mtu aliyechora na mtu aliyeungua vidole.

Jambo jingine nililoona kwenye rasimu ya vijana fulani lilinikera, nalisema wazi. Wameandika ukurasa mzima kwamba wanatoka nchi maskini, hawana vifaa, wanaomba kusaidiwa. Futeni. Mnatoka mji wa bandari na reli, mji wenye viwanda vya saruji, mji ambao mkonge umelisha mafundi wa mitambo vizazi na vizazi. Andikeni hivyo. Mwenye kipindi anatafuta roboti ambayo mtazamaji hajaiona na watu wanaojua wanachokifanya. Roboti zenye silaha ya kuzunguka mbele anazo tele. Timu iliyochonga silaha yake kwa springi za lori na kueleza kwa nini, hana.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize, mwenye ujuzi amwage.

Kijana wa Makorora

Mkuu uzi umefika wakati wake. Sisi ndio hao hao unaotusema, rasimu tumeifuta tayari. Swali: alama zinatolewaje kama muda ukiisha roboti zote bado zinatembea?

Mkerezaji wa Ngamiani

Majaji watatu, kila mmoja ana alama 11 za kugawa. Tano ni za uharibifu uliomfanyia mwenzako, tatu za ukali wa kushambulia, tatu za kuumiliki mchezo. Roboti ikikwama bila kutembea mwamuzi anaihesabia, ikifika mwisho wa hesabu imetoka. Kwa hiyo mkichora, jiulizeni kwanza: tukipigwa gurudumu moja likaruka, tutaendelea kutembea? Timu nyingi zinapoteza pambano hapo, silaha bado nzima kabisa.

Mlango wa Pili

Mimi naomba niwe mkweli, msinichukie. Tuseme wamechaguliwa. Nauli ya watu watano hadi Marekani nani analipa? Viza je? Kilo 113 za chuma zinasafirishwa na nani? Naona tunawajengea vijana ndoto halafu tunawaacha jangwani. Bora wajifunze kutengeneza pampu za maji za wakulima wa Lushoto.

Mkerezaji wa Ngamiani

Mlango wa Pili, hukuuliza vibaya, hayo ni maswali ambayo timu yoyote ya nje ya Marekani inayajibu kabla ya kutuma fomu. Bingwa wa BattleBots msimu wa 2020 alikuwa End Game, roboti iliyotoka New Zealand, huko ambako hata ramani wengine wanaisahau kuichora. Minotaur ya Brazil ilijengwa na timu ya chuo kikuu cha PUC-Rio, na silaha yake, ngoma ya chuma inayozunguka, imewatoa wengi ulingoni. Timu hiyo hiyo iliandika mwongozo mkubwa wa kujenga roboti za mapambano na ikautoa bure mtandaoni, upo kwa Kiingereza. Kijana anayesema hana mwalimu aupakue aanze nao.

Kuhusu hela, ujenzi ni mzigo wa timu, na timu nyingi zinatafuta wadhamini. Ndiyo maana nasema gramu 1,360 kwanza. Mdhamini wa Tanga hawezi kutoa hela kwa karatasi, lakini ukimwekea mezani roboti inayofanya kazi na watu mia wamejaa kuiangalia, mazungumzo yanabadilika. Viza naomba kila mtu asome masharti kwenye tovuti ya ubalozi siku anayotaka kuomba, kwa sababu yanabadilika mara kwa mara, na mwaliko wa maandishi kutoka kwa waandaaji uwepo mkononi.

Na hiyo pampu ya Lushoto ataitengeneza vizuri zaidi kijana aliyewahi kusawazisha kitu kinachozunguka mara elfu nane kwa dakika.

Wakala wa Mizigo

Niongezee kwenye usafirishaji maana ndiyo kazi yangu. Vyuma havina shida. Shida ni betri za lithiamu, na hapa watu wanakamatwa uwanja wa ndege wakiwa na tiketi mkononi.

Betri inapimwa kwa wati-saa: zidisha volti kwa uwezo wake wa ampea-saa. Betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 abiria anaruhusiwa kuibeba kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi kabisa. Sasa roboti ndogo ya mkuu hapo juu, betri ya volti 14.8 yenye ampea-saa moja, ni wati-saa 14.8 tu, unaibeba bila wasiwasi ukiwa umefunika vichwa vya nyaya kwa tepu. Ile kubwa yenye volti 44.4 na ampea-saa kumi inafika 444. Hiyo inapelekwa kama mzigo wa hatari, na tangu Aprili 2016 betri za namna hiyo zikisafiri peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo wa ndege za abiria, zinapanda ndege za mizigo tu, chaji isizidi asilimia 30. Timu yenye busara inanunua betri huko huko inakokwenda. Kwa hiyo chagueni aina ambayo inapatikana kirahisi kule, na muiandike hivyo kwenye fomu.

La pili, kabla roboti haijatoka nchini iandikisheni forodhani kwa orodha, picha na namba za vifaa, ionekane kwamba inatoka kwa muda na itarudi. Vinginevyo ikirudi mtaambiwa mmeagiza mashine.

Mwalimu wa Fizikia

Nafundisha sekondari hapa mjini. Nimefurahi sana kuona uzi huu, kwa sababu wanafunzi wangu wanaiogopa mada ya mwendo wa mzunguko kuliko mtihani wenyewe, na hapa imejitokeza yenyewe.

Nichukue mfano wa silaha. Diski ya chuma ya gramu 300 yenye nusu kipenyo cha sentimita 6, izungushe mara 8,000 kwa dakika. Nishati iliyomo ni karibu jouli 190, sawa na jiwe la kilo moja lililoangushwa kutoka mita 19. Hiyo ni roboti inayoenea kwenye sahani ya wali. Sasa nenda kwenye kubwa: bapa la kilo 20 lenye urefu wa mita moja, mizunguko 2,000 kwa dakika. Unapata takriban jouli 36,500. Gari la tani moja linalokwenda kilomita 30 kwa saa lina nishati kama hiyo, na hapa yote inatua kwenye ncha moja ya chuma. Ncha hiyo inakwenda kilomita 377 kwa saa. BattleBots wenyewe waliweka kikomo cha maili 250 kwa saa kwenye ncha ya silaha, yaani kama kilomita 402. Mkijaza fomu mkaandika kasi inayopita hapo, mmejionyesha kwamba kanuni hamjasoma.

Lakini kasi peke yake inadanganya. Angalieni jino, yaani ile ncha ya kupigia iliyo ukingoni mwa silaha, linavyoingia. Kama mnakaribiana na mpinzani kwa mita 3 kwa sekunde, na diski yenu inazunguka mara 8,000 kwa dakika ikiwa na meno mawili, basi kati ya jino moja na linalofuata mpinzani amesogea milimita 11 tu. Hicho ndicho kina cha juu kabisa ambacho jino linaweza kung'ata. Ukiwa na jino moja, kina kinakuwa milimita 22 na nusu. Ndiyo maana roboti nyingi nzuri zina jino moja, na upande wa pili kuna uzito wa kusawazisha. Ukiongeza meno ukiongeza na kasi, silaha inakwaruza rangi ya mwenzio, inapiga kelele na cheche nzuri za televisheni, na yeye anaondoka mzima.

Mwanafunzi atakayenieleza kwa nini roboti yenye diski ya wima hunyanyua gurudumu moja inapokata kona, nitajua ameelewa.

Mzee wa Korona

Vijana, nimewasoma wote. Nimekula chumvi kwenye mashamba ya mkonge, Muheza na Korogwe, upande wa korona. Wengi wenu mmeliona shamba kwa dirisha la basi tu, kwa hiyo niwaeleze. Korona inameza majani ya mkonge, ndani kuna ngoma kubwa yenye visu butu kwenye mzunguko wake, inalipiga jani dhidi ya bamba la chuma mpaka nyama yote itoke zibaki singa. Hiyo mashine ya mwalimu naifahamu. Ni ngoma ile ile, nyinyi mnataka imtafune chuma mwenzake.

Niwape yale ambayo ngoma ilinifundisha. Visu vikilingana uzito, mashine inaimba. Kisu kimoja kikipungua, jengo zima linatikisika na beringi zinakufa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo silaha yenu isawazisheni kabla ya kuipa umeme. Ipitisheni kwenye shafti, iwekeni juu ya kingo mbili zilizonyooka, zilizolala sawa kwa maji ya pima, muiache ijizungushe yenyewe. Upande unaoshuka kila mara ndio mzito, punguzeni hapo kidogo kidogo kwa grenda mpaka ikae popote unapoiacha.

La pili, shafti ishikwe pande mbili. Nimeona mchoro mmoja hapo kwenye picha za kijana wa Makorora, silaha imening'inia upande mmoja kama bendera. Siku ya kwanza itapinda.

La tatu, beringi isibanwe na fremu inayochezacheza. Fremu ikijipinda kwa pigo, beringi inakaba, mota inaungua, na mtasema mota ilikuwa mbovu.

Kijana wa Makorora

Shikamoo mzee wetu. Mchoro tumeufungua upya usiku huu huu, tunaweka ubavu wa pili. Naomba kuuliza kuhusu springi za lori, wengine wanasema zinafaa wengine wanasema zinapasuka.

Mzee wa Korona

Marahaba mwanangu. Chuma cha springi ni kizuri, kigumu na kina unyumbufu. Nenda kwenye chuma chakavu uchague bapa lisilo na ufa, ulipige nyundo ulisikilize mlio. Lililopasuka mlio wake ni wa kufa. Likate kwa grenda taratibu huku ukilipoza kwa maji. Likishakuwa jekundu mahali, ugumu wa mahali hapo umeondoka. Na usilichomelee. Ukilichomelea, ufa utaanzia pembeni ya weldi, si kwenye weldi yenyewe. Funga kwa bolti.

Binti wa Chuda

Naomba nami niingie. Nasoma ufundi umeme, na kwenye mazungumzo yote haya ya vijana sijaona dada hata mmoja ametajwa. Je, kuna wanawake wanaoshiriki kweli au nitakuwa wa kubeba maji na kupiga picha?

Mkerezaji wa Ngamiani

Dada, karibu, na samahani kwa kuchelewa kuulizwa. Mfano mmoja wa wazi ni Lisa Winter. Alianza kupigana akiwa mtoto kwenye Robot Wars ile ya San Francisco miaka ya 1990, akajenga roboti kwa miaka mingi, na BattleBots ilipokuwa Discovery akawa mmoja wa majaji watatu. Kwenye timu yoyote mtu wa umeme ndiye anayeamua kama roboti itamaliza dakika tatu. Mimi nakereza, ila nyaya zangu hazistahili kuonekana hadharani. Timu ya Makorora haina mtu wa umeme.

Kijana wa Makorora

Ni kweli dada, hatuna. Karibu sana, nakutumia ujumbe.

Binti wa Chuda

Basi nianze kazi hapa hapa. Nimeangalia orodha yenu ya vifaa. Kuna mambo matatu.

Rimoti na kipokezi: ukizima rimoti, kila kitu lazima kisimame, magurudumu na silaha. Vipokezi vingine mawasiliano yakikatika vinaendelea na amri ya mwisho, maana yake silaha inaendelea kuzunguka wakati hakuna anayeitawala. Hili linapangwa kwenye kipokezi chenyewe na lazima lijaribiwe roboti ikiwa juu ya kigogo, magurudumu hayagusi chini. Waandaaji wa mashindano wanalipima kabla hujaruhusiwa kuingia ulingoni.

Swichi kuu: iwe sehemu ambayo mkono unafika bila kupita mbele ya silaha. Nimeona mmeiweka katikati nyuma ya diski. Ihamisheni.

Chaji: betri za lithiamu hazichajiwi chumbani usiku mkiwa mmelala. Zinachajiwa zikiwa zinaonekana, mbali na kitanda na mapazia, na ndoo ya mchanga ipo karibu. Iliyovimba haichajiwi tena kwa namna yoyote, hata kama imebaki moja tu na pambano ni kesho. Umeme ukikatika na kurudi, angalia chaja kwanza kabla ya kuiendeleza.

Mlango wa Pili

Nimeendelea kusoma, na nakiri mazungumzo yamenoga kuliko nilivyotarajia. Lakini hizi roboti mtazipiganisha wapi? Diski ya jouli 190 kwenye uwanja wa Tangamano na watoto wamezunguka? Hapana jamani.

Mkerezaji wa Ngamiani

Hapana kabisa, na ni vizuri umelisema. Hakuna silaha inayozunguka itakayowashwa nje ya boksi, hata kwa sekunde moja ya kujionyesha. Boksi ni fremu ya chuma cha pembe, kuta na paa la polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kwa roboti za gramu 1,360 watu wengi hutumia polikaboneti kuanzia milimita 6 kwenda juu, na mimi kwa Tanga nataka tuweke mbili zikiachana kidogo. Kioo cha kawaida hapana. Ile plastiki ya mabango inayong'aa nayo hapana, inavunjika vipande vyenye makali. Paa ni lazima, kipande kinachoruka hakichagui njia.

Raundi ya kwanza napendekeza tusiweke silaha ya kuzunguka kabisa. Roboti za kusukuma na za kunyanyua, bodi za plastiki, boksi lile lile. Tujifunze kuendesha. Watu wanadharau uendeshaji, na kumbe alama sita kati ya kumi na moja za kila jaji ni za kushambulia na kuumiliki mchezo. Hizo huzipati kwa diski, unazipata kwa vidole viwili kwenye rimoti.

Kwa bodi, tafuteni ubao wa plastiki mweupe wa kukatia nyama, au vipande vya bomba nene jeusi la maji. Bomba likipashwa moto kwenye oveni na kubanwa kati ya mbao mbili linakuwa bapa. Plastiki ile inanyonya pigo na inarudi.

Mwalimu wa Fizikia

Niombe boksi likae shuleni siku za kawaida. Nitaongea na mkuu wa shule. Wanafunzi wangu wana umri chini ya miaka 18, kwa hiyo fomu za televisheni wasizijaze mpaka wasome sharti la umri na mzazi asaini. Ila kwa mashindano ya hapa mjini hakuna cha kuwazuia. Pia kuna FIRST Global, mashindano ya roboti ya vijana wa sekondari yaliyoanza Washington mwaka 2017, kila nchi inapeleka timu moja. Kule hakuna kupigana, roboti zinashirikiana kutatua tatizo. Mwanafunzi mwenye umri mdogo njia hiyo ni yake.

Kijana wa Makorora

Mwalimu, michoro ya kompyuta tunaifanyaje? Laptopu yetu ni ya zamani na bando linakwisha haraka.

Mwalimu wa Fizikia

FreeCAD. Ni bure, ukishaipakua haihitaji intaneti. Ianze na vipande rahisi: gurudumu, mota, betri, kila kimoja kwa vipimo vyake halisi vilivyopimwa kwa kalipa. Kisha panga ndani ya bodi. Programu inakupa ujazo, ukizidisha kwa densiti ya kila malighafi unapata uzito kabla hujakata chochote. Kuna mgawanyo unaotumiwa sana: asilimia 30 ya uzito kwa mwendo, 30 kwa silaha, 25 kwa fremu na ngao, 15 kwa betri na umeme. Kwa gramu 1,360 ni 408, 408, 340 na 204. Si amri, ila ukiona silaha imekula nusu, ujue magurudumu yako ni dhaifu.

Mkerezaji wa Ngamiani

Nimalizie upande wa fomu maana wengi wananiuliza pembeni kuhusu video.

Video isiwe na muziki mwingi na maneno ya kujisifu. Onyesha roboti juu ya mizani, namba ionekane. Onyesha ikiendeshwa: mbele, nyuma, kona kali, kugeuka ikiwa kichwa chini. Onyesha silaha ikianza kutoka sifuri hadi kasi kamili ndani ya boksi, bila kukata picha, ili anayeangalia ahesabu sekunde mwenyewe. Halafu zima rimoti na tuone kila kitu kinasimama. Halafu pambano, hata mliloshindwa. Baada ya pambano ifungueni mbele ya kamera, mweleze kilichovunjika na mtakachobadilisha. Dakika tano zinatosha. Kila mwanatimu azungumze kuhusu sehemu aliyoijenga kwa mkono wake. Kiingereza kikikwama sema Kiswahili na uweke maandishi chini. Anayeeleza beringi kwa lugha yake anaeleweka kuliko anayekariri.

Jina la roboti liwe fupi, mtangazaji aliyezaliwa Texas aweze kulitamka.

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane karakana kwangu, Ngamiani, waliojiandikisha nitawatumia mahali. Kazi ya siku hiyo ni fremu ya boksi tu. Chuma cha pembe nimekipata, polikaboneti bado naulizia bei Dar. Mlango wa Pili, nawe njoo, uwe mtu wa usalama, hakuna kitakachowashwa bila wewe kukubali. Mwenye mizani ya gramu aje nayo.

Mlango wa Pili

Nitakuja. Mizani ninayo, ya duka la mke wangu, inapima hadi kilo tano. Iwe imerudi kabla ya saa nane, anafungua duka.